Bapa halikatwi kwa msumeno

Mhariri,

Riwaya ya taharuki mnayoichapa kwa mfululizo, ile ya msichana mtelezaji wa barafuni anayeamini kuna mtu anataka kumvunja mguu kabla ya mashindano, imepata wasomaji wengi na inastahili. Lugha yake inakwenda vizuri, na mama wa yule msichana amechorwa kuliko wahusika wengine wote. Ila kadiri sura zinavyosonga ndivyo mwandishi anavyoupa mchezo wenyewe kisogo na kukimbilia glavu nyeusi, taa zinazozimika ghafla na vishindo vya miguu ukumbini usiku. Huko kote ni kujichosha. Hofu anayoitafuta gizani iko mchana kweupe, mbele ya kamera na majaji, tena ndani ya sheria.

Hoja yangu ni moja. Katika kuteleza kwa mashindano, karibu kila hujuma ina pacha wake asiye na hatia. Kamba ikikatika, huenda ilikuwa imechakaa. Skrubu ikilegea, huenda soli imeoza. Mruko ukiharibika, huenda ni akili ya mrukaji mwenyewe. Msichana wa riwaya hawezi kujua, kocha wake hawezi kujua, na msomaji naye asijue mpaka mwandishi atakapopenda. Taharuki ya kisaikolojia hukaa hapo. Ili kuijenga, mwandishi lazima avijue vitu vyenyewe kwa vipimo vyake.

Tuanze na ile sura ambamo hasimu anaingia chumba cha kubadilishia nguo na kulikata bapa la kiatu, yaani kile chuma chembamba cha chini kinachogusa barafu, hadi nusu kwa msumeno wa chuma. Haiwezekani, na hata ingewezekana isingefaa kitu. Bapa ni chuma kilichotiwa ugumu. Msumeno wa kawaida utapiga kelele, utapoteza meno yake, na utaacha alama inayoonekana na yeyote mwenye macho. Isitoshe, mtelezaji hulifuta bapa kwa kitambaa kila atokapo barafuni, kwa kuwa maji yakibaki huleta kutu, kisha hulivisha kifuniko laini cha kitambaa. Kile cha plastiki ngumu ni cha kutembelea tu. Kikiachwa usiku kucha hufungia unyevu, na asubuhi makali yameshaanza kuliwa na kutu. Mtu anayekishika chuma kile mara kadhaa kwa siku hatapitwa na mkato wa nusu bapa.

Hujuma yenye akili ni ndogo mno kuliko hiyo. Bapa lina upana wa milimita 4 hivi, na upande wake wa chini si tambarare. Mnoaji huchimba mfereji mwembamba katikati, kutoka kisigino hadi mbele, ili pande mbili zibaki zimesimama. Hayo ndiyo makali ya ndani na makali ya nje. Mfereji huo ni kipande cha duara, na kwa watelezaji wengi wakubwa nusu kipenyo cha duara hilo ni milimita 11 hadi 13. Ukichimbwa kwa kina zaidi makali hung'ata barafu zaidi. Ukiwa wa juujuu mguu huteleza kwa wepesi lakini hukosa pa kushika. Na makali yote mawili lazima yawe na kimo kimoja. Kuyapima ni rahisi: kiatu hugeuzwa chini juu, kitu kilichonyooka, hata sarafu, hulazwa juu ya makali yote mawili, halafu mtu hutazama kutoka nyuma kama kitu hicho kimekaa mraba na bapa. Kikiinama, upande mmoja uko juu.

Tofauti ndogo hiyo, ambayo jicho halioni bila kipimo, humfanya mtelezaji ahisi mguu unavutwa upande. Hapa ndipo mwandishi angeshinda. Mruko wa Lutz huanza kwa kurudi nyuma juu ya makali ya nje ya mguu mmoja, huku meno ya mbele ya kiatu cha pili yakichoma barafu. Flipu, mruko mwingine, huchomwa vilevile, ila huanza juu ya makali ya ndani. Mtu akivutwa ndani katika nusu sekunde ya mwisho, Lutz yake huandikwa kosa la makali na alama hushuka. Hakuna atakayelitaja bapa. Watasema mbinu yake mbovu, na baada ya mara ya tatu yeye mwenyewe ataanza kusema hivyo.

Mshukiwa ni nani? Jiwe la mashine ya kunolea lisipokaa katikati ya bapa hutoa makali yasiyolingana, na hiyo ni ajali ya kila siku kwa fundi asiyezoea viatu hivi. Ndiyo maana watelezaji wa ngazi ya juu hung'ang'ania mnoaji mmoja na kumfuata hata akiwa mbali. Hunoa kila baada ya saa 20 hadi 40 za kuteleza, na siku kadhaa kabla ya shindano badala ya asubuhi yake, kwa sababu makali mapya hunasa barafu na mguu unahitaji muda kuyazoea. Basi mnoaji yule augue wiki ya mashindano, kazi ishikwe na mwingine. Mwandishi tayari ana mtu anayeweza kuwa mwovu, au mzembe, au mtu mwema aliyekuwa na haraka, na sarafu inayoinama haitamsaidia msichana kuchagua kati yao.

Skrubu ni utajiri mwingine ambao riwaya imeuruka kabisa. Bapa halizaliwi na kiatu. Huuzwa mbali mbali, kisha fundi hulifunga kwenye soli, kwanza kwa skrubu chache kupitia matundu marefu yanayoruhusu kulisogeza kulia au kushoto. Mtelezaji huliteleza kwa muda, husema mguu unalalia wapi, bapa husogezwa kidogo, na likishatulia ndipo skrubu za kudumu hupigwa kwenye matundu ya duara. Milimita moja ya kusogeza inatosha kubadilisha mahali uzito unapotua. Soli na kisigino vya viatu vingi ni ngozi, na ngozi hunywa maji. Isipopakwa dawa ya kuzuia maji, huoza kuzunguka tundu, tundu hupanuka, na skrubu huzunguka bila kung'ata. Ndiyo maana watu makini hupita na bisibisi kila wiki.

Tazama sasa pacha wawili hao. Skrubu mbili za nyuma zimelegea siku ya programu fupi, ile raundi ya kwanza ya shindano. Kama ni uozo, ngozi kuzunguka tundu itakuwa nyeusi na laini, na skrubu yenyewe itakuwa na kutu. Kama ni mkono wa mtu, ngozi itakuwa kavu, tundu litakuwa na nyuzi zake, na kichwa cha skrubu kitakuwa na mkwaruzo mpya. Hapo kuna ushahidi unaosomeka. Lakini je, bisibisi ya mwisho ilishikwa na nani? Mara nyingi ni mtelezaji mwenyewe, akiwa na wasiwasi, usiku, hotelini. Mwandishi anayetaka kumfanya msomaji amshuku shujaa hahitaji kitu kingine.

Selotepu angavu iliyobandikwa chini ya bapa ni mzaha wa kale unaojulikana viwanjani. Makali hayagusi barafu, mguu hukimbia hatua ya kwanza tu, na mtu hugundua palepale. Inafaa mwanzoni mwa riwaya, kama onyo. Haifai kwenye kilele, kwa sababu haidumu. Sakafu ya saruji inafaa zaidi. Hatua moja ya bapa tupu juu ya saruji, au juu ya chembe ya mchanga iliyonasa kwenye zulia la mpira, huweza kung'oa kipande kidogo cha makali. Mahali kipande kilipong'oka pana maana kubwa. Pengo kwenye makali ya ndani karibu na kisigino linaweza lisilete madhara yoyote. Lakini likiwa kwenye makali ya nje, nyuma kidogo ya meno, halisikiki mtu akiteleza kawaida. Linasikika anapotua, kwa kuwa miruko yote sita ya mchezo huu hutua kwa kurudi nyuma juu ya makali ya nje, na mwili hushuka kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Kwa maneno mengine, kasoro hiyo inalala hadi dakika inayohitajika.

Kamba ya kiatu ina historia yake, na mwandishi ambaye hajaisoma anajinyima. Tarehe 6 Januari 1994, huko Detroit, Nancy Kerrigan alipigwa kwa rungu la chuma juu kidogo ya goti la kulia alipotoka mazoezini. Waliopanga walikuwa watu wa karibu wa mpinzani wake, Tonya Harding, akiwemo aliyekuwa mume wake. Kama uhalifu, lilikuwa tendo la kijinga na lilifichuka upesi. Taharuki yenyewe ilianza baada ya hapo, katika siku 50 kati ya kipigo na fainali ya Olimpiki ya Lillehammer, ambapo wanawake hao wawili walikuwa timu moja ya Marekani na walifanya mazoezi kwenye barafu moja huko Hamar, Norwei. Kwenye zoezi lao la kwanza la pamoja Kerrigan alivaa vazi lilelile jeupe alilopigwa akiwa nalo. Hakuna glavu nyeusi inayoshinda hilo.

Halafu fainali. Harding alichelewa hadi sekunde za mwisho kuingia barafuni, akaikosa Lutz yake ya mizunguko mitatu, akasimama akilia, akapandisha mguu mbele ya mwamuzi kuonyesha kwamba kamba haimshiki. Akaruhusiwa kurudia baadaye, akamaliza wa 8. Kerrigan alipata medali ya fedha, na dhahabu ikaenda kwa Oksana Baiul wa Ukraine. Kamba ile ilikatika kweli, au woga ulipata pa kushika? Ukumbi mzima ulikuwa unatazama na hakuna aliyekuwa na jibu. Kwa sheria za miaka ya karibuni, mtelezaji anayesimama kwa sababu ya kifaa au maumivu hupewa hadi dakika tatu aendelee pale alipoishia, na hukatwa alama 5. Dakika tatu za kurekebisha kiatu mbele ya maelfu ya watu ni sura nzima, na riwaya yenu imezimaliza kwa sentensi mbili.

Kuhusu barafu yenyewe nitakuwa mfupi. Uwanja wa mashindano una urefu wa mita 60 kwa upana wa mita 30. Barafu ya kuteleza kwa madoido huwekwa kwenye nyuzi 3 au 4 hivi chini ya sifuri, laini kuliko ya magongo, ili makali yazame kidogo na meno yachome bila kuvunja vipande. Ikipozwa zaidi inakuwa kama kigae, inapasuka chini ya meno. Ikiachwa ipate joto inashika miguu na kasi inakufa. Nyuzi mbili tu za tofauti zinatosha kumfanya mtu ahisi kiatu si chake. Ni mtu mmoja anayezirekebisha, yuko chumba cha mitambo, na wakati mwingine amezirekebisha kwa sababu jana palikuwa na mechi ya magongo.

Pembe ya Lutz inastahili muda zaidi. Mtelezaji anayekwenda kuruka Lutz huteleza kinyumenyume kwa mkondo mrefu kuelekea pembe ya uwanja, akitazama alikotoka. Hamwoni aliye mgongoni. Wengi huzunguka kinyume na saa, kwa hiyo wote huitumia pembe ileile na kila mmoja amezoea mkondo wa mwenzake. Akiwemo mmoja anayezunguka kwa upande wa saa, yeye huelekea pembe nyingine na hukata njia za wenzake. Hana kosa, ndivyo mwili wake ulivyo. Mazoezini, anayepigiwa muziki wake ndiye mwenye haki ya njia na wengine humpisha. Lakini kwenye kupasha mwili kabla ya shindano, dakika 6 kwa kundi la hadi watu 6, hakuna muziki wa mtu na hakuna wa kupishwa. Kila mmoja ana haraka, nusu yao wanakwenda kinyumenyume. Novemba 2014 huko Shanghai, Yuzuru Hanyu wa Japani na Han Yan wa China waligongana hivyo kwa kasi. Hanyu alirudi barafuni amefungwa bandeji kichwani, akaanguka mara kadhaa, na bado akachukua medali ya fedha. Haikuwa hila ya mtu. Mwandishi akitaka ionekane hila, amwache hasimu apite mkondo ule mara tatu, kila mara karibu kidogo zaidi, bila kugusa. Hakuna sheria iliyovunjwa, na msichana hataruka Lutz yake tena bila kugeuza shingo. Akigeuza shingo, bega linafunguka, na mruko umekwisha.

Jambo dogo la ratiba: katika kundi la watu sita, wa kwanza anaanza pumzi haijamrudi, na wa mwisho anasubiri zaidi ya nusu saa huku misuli ikipoa na makofi ya wenzake yakipenya ukutani. Mkimtaka msichana arukwe na akili, mpeni namba sita.

Sasa majaji, ambako riwaya imepotea zaidi. Mwandishi anatoa alama za 6.0, yaani za mfumo wa zamani ambao 6.0 ilikuwa alama ya juu kabisa. Mfumo huo uliachwa na shirikisho la kimataifa, ISU, mwaka 2004, na sababu ya kuuacha ni kisa kinachozidi riwaya. Olimpiki ya Salt Lake City, 2002: Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze wa Urusi waliwashinda Jamie Salé na David Pelletier wa Kanada kwa majaji 5 dhidi ya 4. Jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, alisema alishinikizwa na mkuu wa shirikisho la nchi yake. Kisha akageuka, akasema aliwapa Warusi kura kwa kuwa aliamini ni bora. Wakanada wakapewa dhahabu ya pili. Yule aliyepiga kura mwenyewe alitoa maelezo mawili yanayopingana kuhusu kilichokuwa kichwani mwake. Mwandishi wa taharuki ya kisaikolojia angetaka nini zaidi?

Njama ya riwaya, ya kumhonga jaji mmoja, haiendi popote kwa mfumo wa sasa. Mashindano makubwa yana majaji 9. Kwa kila kipengele alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na zinazobaki hutafutiwa wastani. Jaji aliyehongwa akitoa +5 kwa ubora wa mruko wakati wenzake wanatoa +2, yake ndiyo inayotupwa. Mwenye akili angetazama jopo la ufundi, watu watatu wanaoamua nini hasa kimefanyika: mruko gani, umezunguka kiasi gani, umeanza kwenye makali yapi. Katika jedwali la msimu wa Olimpiki ya 2022, Lutz ya mizunguko minne ilikuwa na thamani ya 11.50. Ukikosekana zaidi ya robo ya mzunguko, thamani hushuka hadi 9.20. Ukikosekana nusu au zaidi, huhesabiwa kama Lutz ya mitatu, 5.90, na majaji nao hupunguza juu yake. Uamuzi huo hufanywa kwa kurudisha picha polepole, na hutegemea bapa liligusa barafu lini na kamera ilikuwa pembe gani. Mtaalamu mwaminifu na mtaalamu mla rushwa wanaweza kuitazama picha ileile na kutofautiana kwa nyuzi kumi za duara. Msichana ameketi kwenye kochi na kocha wake, kamera usoni, anasubiri. Mruko aliouhisi umekamilika unaandikwa haujakamilika. Amwamini nani, jopo au mguu wake?

Kuna pia umri. Shujaa wenu ana miaka 14 na yumo Olimpiki. Tangu msimu wa 2024/25 umri wa chini wa mashindano ya wakubwa ni miaka 17, baada ya ISU kubadili sheria mwezi Juni 2022. Akibaki na 14, mpelekeni mashindano ya vijana. Hofu haipungui huko.

Mabadiliko hayo ya sheria yalikuja baada ya kisa cha Kamila Valieva, aliyekuwa na miaka 15 Beijing. Sampuli yake ilichukuliwa tarehe 25 Desemba 2021, na majibu yenye trimetazidini, dawa ya moyo iliyokatazwa michezoni, yalitoka Februari 2022 baada ya timu yake kushinda. Utetezi ulisema dawa ilikuwa ya babu yake, na huenda ilimfikia kwa kikombe walichotumia pamoja. Aliruhusiwa kuendelea, akaongoza programu fupi, kisha akaanguka tena na tena katika programu ndefu na kumaliza wa 4. Kamera zikamnasa kocha akimwuliza kwa nini aliacha kupambana. Januari 2024 mahakama ya michezo, CAS, ilimfungia miaka 4 kuanzia siku ya sampuli. Simwambii mwandishi akiige kisa hicho. Namwambia aone jinsi kikombe kimoja mezani nyumbani kinavyoweza kuwa ajali, uzembe au kusudi, na anayebeba jina ni mtoto.

Kama anataka kitu kisicho na dawa kabisa, achukue mizani. Mwili hupanda na kushuka kwa kilo moja hata mbili kwa siku kwa sababu ya maji na chakula tu. Mtu akiisogeza mizani ya chumba cha mazoezi nusu kilo, hakuna atakayejua, hata aliyepimwa. Naye atakula kidogo zaidi ya jana, atachelewa kupona, mifupa itaanza kupata nyufa za uchovu, na miruko itashuka. Mwanzo wa yote hautapatikana.

Nimemwacha kocha mwisho kwa sababu ndiye mhusika aliyepuuzwa kuliko wote. Kwenye kufundisha miruko mikubwa hutumika mshipi: mtelezaji huvaa fulana yenye kamba, kamba hufungwa kwenye ufito, na kocha huteleza pembeni akiushika na kumnyanyua wakati wa kuruka. Siku za kwanza kocha hubeba sehemu kubwa ya uzito. Baadaye hupunguza nguvu kidogo kidogo, na makocha wengi hawasemi wamepunguza lini, kwa kuwa mtu akijua hajashikwa hufunguka hewani. Ufundishaji wenyewe, basi, umejengwa juu ya uongo mwema. Mtelezaji ametua vizuri mara kumi akidhani ameshikwa. Anaambiwa mara tano za mwisho kamba ilikuwa imelegea. Siku nyingine anaanguka akidhani ameshikwa. Kocha anasema nilikushika. Na huenda alimshika.

Kufunguka ndiko kunakowatisha wote. Mruko wa mizunguko mitatu au minne hukaa hewani sekunde 0.7 au pungufu, na mikono lazima ibanwe kifuani mara tu mguu unapoacha barafu ili mwili uzunguke kama pia. Hofu ikipita kichwani katika muda huo, mikono huachia yenyewe, na mizunguko mitatu inakuwa miwili au mmoja. Mtu hatui vibaya; anatua salama kabisa, amesimama, na hilo ndilo linalouma. Katika programu fupi ya wakubwa, mruko wa pekee unaotakiwa kuwa wa mizunguko mitatu ukiwa wa miwili huandikwa sifuri. Aliyefunguka mara moja huanza kusubiri mara ya pili. Hubadilisha mkondo wa kuingia, hukaza kamba kupita kiasi hadi kifundo hakipindi, humtafuta mnoaji mwingine, huona skrubu zimesogea. Kila anachokirekebisha kinakuwa kitu kipya cha kushuku. Hasimu hana haja ya kumgusa; amuulize tu, kwa upole, barazani kabla ya kupasha mwili: "Lutz imerudi?"

Ombi langu, Mhariri, ni hili. Kama sura za fainali hazijapelekwa mtamboni, mwandishi autoe msumeno na aweke bisibisi. Msichana aongezwe miaka mitatu au ahamishiwe mashindano ya vijana. Jaji wa bahasha abadilishwe awe mtaalamu wa jopo la ufundi mwenye sekunde chache za picha mbele yake, na mwandishi asituambie kama ni mwaminifu. Na zile 6.0 zifutwe zote, hata kama kurasa zimeshapangwa.

Msomaji wenu